Kabla Zege Halijamwagwa

Jioni ya Julai 17, 1981, ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, ulifurika watu waliokuja kucheza dansi. Juu yao yalining'inia madaraja ya kupitia wageni, moja usawa wa ghorofa ya nne na jingine chini yake, usawa wa ghorofa ya pili. Yote mawili yaliachia na kuangukia umati. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Hoteli ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla.

Kosa lilianzia kwenye fito za chuma. Mchoro wa mhandisi ulionyesha fito ndefu zinazotoka darini, zinapenya daraja la juu na kuendelea hadi la chini, kila daraja likikalia nati zake. Karakana iliyotengeneza vyuma iliiona kazi hiyo ngumu, maana ingebidi fito zikatwe hesi kwa urefu mkubwa ili nati za daraja la juu zipandishwe hadi mahali pake. Ikataka fito ziwe seti mbili: moja ishike daraja la juu kutoka darini, nyingine ianzie kwenye daraja la juu na kushika la chini. Kwa macho tofauti ni ndogo. Lakini fikiria watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja kwa mikono yake, kisha wa chini aambiwe aiachie kamba na ashike miguu ya mwenzake. Mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Nati za daraja la juu zilibebeshwa mzigo maradufu, na uchunguzi wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ulikuta kwamba hata muundo wa awali ungebeba takriban asilimia 60 tu ya kiwango kilichotakiwa na kanuni za jiji.

Badiliko hilo lilipitaje? Upande wa karakana ulisema ulipiga simu kwa wahandisi na ukakubaliwa. Upande wa wahandisi ulikana kupokea simu hiyo. Karatasi ya swali haikuwapo, wala ya jibu. Kilichokuwapo ni michoro ya karakana iliyorudi ikiwa na muhuri wa wahandisi, bila mtu kukokotoa upya uwezo wa kiungo kile. Wahandisi wawili walipokonywa leseni katika jimbo la Missouri.

Wahandisi hukisoma kisa hiki kama somo la viungo vya chuma. Kwa anayesimamia saiti, kiwe kisa cha swali lililopita njia isiyo yake. Simu kama ile hupigwa kila siku, Dodoma na Kisumu, Bukoba na Mombasa. Fundi anamwuliza foromani, foromani anampigia saiti injinia, saiti injinia yuko kwenye daladala na sauti inakatika, na baada ya dakika mbili jibu linawafikia wafunga nondo: "Injinia kasema tuendelee." Injinia yupi, kasema nini hasa, akiwa anatazama mchoro upi? Zege likishamwagwa, hakuna awezaye kujibu bila nyundo na tindo.

Dawa yake ina jina la kiofisi, ombi la ufafanuzi, na kwenye saiti nyingi huitwa kwa herufi tatu tu, RFI. Ni karatasi ambayo mkandarasi humwandikia mshauri anapokuta michoro inapingana, kipimo hakipo, au hali ya ardhini haifanani na iliyochorwa. Karatasi yenyewe haina maajabu. Uzito wake uko katika namna swali linavyoandikwa, na hapo ndipo saiti nyingi hukosea.

Swali baya huandikwa hivi: "Tunaomba ufafanuzi kuhusu nondo za boriti za ghorofa ya kwanza." Mhandisi akilisoma hajui ni boriti ipi, tatizo ni nini, wala jibu linahitajika lini. Ataliweka pembeni hadi atakapopata nafasi ya kupiga simu, na tumerudi kwenye simu.

Swali zuri husema: "Mchoro wa boriti za ghorofa ya kwanza, toleo la pili, unaonyesha boriti B4 ina nondo nne za milimita 16 upande wa chini. Jedwali la nondo linaonyesha nne za milimita 12. Tunapendekeza tufuate mchoro. Nondo zinaanza kufungwa Jumatatu tarehe 16 na zege limepangwa Alhamisi tarehe 19. Tunaomba jibu kufikia Ijumaa tarehe 13, saa 10 jioni." Hapo mhandisi anaweza kujibu kwa mstari mmoja, na akinyamaza, ucheleweshaji una tarehe. Tofauti ya namba hizo mbili si ndogo pia. Nondo ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201, ya milimita 12 ina 113. Fundi atakayebahatisha ile nyembamba ataiacha boriti na chuma kinachozidi nusu kidogo tu.

Karatasi moja ibebe swali moja. Maswali manne yakifungwa pamoja, matatu yatajibiwa, la nne litasahaulika, na daftari litaonyesha kwamba barua ilijibiwa. Picha iambatanishwe, yenye futi au tepu ya kupimia ndani yake, kwa sababu ufa wa nusu milimita na ufa wa milimita tano hufanana sana kwenye simu. Na mkandarasi asiogope kupendekeza jibu. Mafundi waliopo mbele ya kazi mara nyingi wanaijua njia, ila kupendekeza kusigeuke kuamua. Karakana ile ya Kansas City ilikuwa na pendekezo; kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kulikokotoa.

Jambo linaloleta ugomvi kila mara ni nani anajibu nini. Kipimo cha chumba, aina ya vigae na mahali pa mlango ni kazi ya mbunifu majengo. Nondo, unene wa slabu na daraja la zege ni kazi ya mhandisi wa miundo. Bei ya badiliko ni ya mkadiriaji majenzi. Mwenye nyumba ana haki ya kutaka dirisha liwe kubwa zaidi, lakini linta iliyo juu ya dirisha hilo ina mwenyewe, na siyo yeye. Saiti ikiwa na mlango mmoja wa kuingizia maswali na mlango huohuo wa kutolea majibu, mtu wa kuulinda akiwa mmoja, haya yote hukaa sawa bila mikutano mirefu.

Mlango huo ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maswali ni hivyo hivyo. Kila swali lipewe namba isiyorudiwa, tarehe ya kutumwa, jina la anayetakiwa kujibu, tarehe ambayo kazi itafika mahali pale, tarehe ya jibu, na mchoro uliobadilika kutokana na jibu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Jibu linatoka, linafungwa kwenye faili ofisini, na mchoro ulioning'inizwa kwenye kibanda cha mafundi unabaki uleule wa zamani, umechakaa pembeni na una doa la chai. Jibu lisilofika kwenye mchoro wa fundi halijafika. Jibu linapotoka, mchoro wa kibandani uandikwe kwa kalamu nyekundu namba ya swali, na toleo la zamani litolewe kabisa saiti, lisiachwe hata la kufungia misumari.

Kikao cha kila wiki kipitie daftari kwa mpangilio wa tarehe ya kazi. Umri wa swali usiwadanganye. Swali la wiki tatu kuhusu rangi ya mlango linaweza kusubiri mwezi mwingine. Swali la juzi kuhusu msingi utakaomwagwa kesho haliwezi kusubiri hata chai ya saa nne.

Mikataba imeliona jambo hili zamani. Kitabu Chekundu cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, cha mwaka 1999, kinachotumika katika miradi mingi mikubwa ya Afrika Mashariki, kinakubali kwamba mhandisi hutoa maelekezo ya mdomo. Mkandarasi akiyathibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi asijibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi tangu apokee uthibitisho huo, basi uthibitisho wa mkandarasi unahesabiwa kuwa ndiyo maelekezo yenyewe. Kifungu hicho kimewaokoa wakandarasi makini na kimewaponyoka wavivu. Ule usemi wa "injinia kasema" unaweza kugeuzwa hati kwa karatasi moja jioni ileile: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, sahihi. Mkataba huohuo unampa mkandarasi siku 28, tangu alipojua au alipopaswa kujua, atoe taarifa ya dai la muda au fedha. Zikipita, dai limekufa. Wengi huikumbuka siku ya 28 siku ya 60.

Maombi ya ufafanuzi nayo hutumiwa vibaya, na ni haki kulisema. Wapo wakandarasi wanaotuma makumi ya maswali ambayo majibu yake yako wazi kwenye michoro, ili baadaye waonyeshe rundo la karatasi kama sababu ya kuchelewa. Wapo washauri wanaojibu "rejea michoro" kwa swali linalouliza kwa nini michoro miwili inapingana. Pande zote mbili zinaharibu chombo kile kile. Mkandarasi ampe mtu mmoja kazi ya kuyachuja maswali kabla hayajatoka, na mshauri akiona maswali kumi yanahusu ngazi moja, achore upya ngazi hiyo badala ya kujibu vipande kumi.

Upande wa pili wa kazi ni ubora, na huo unamtaka msimamizi awe na macho kabla ya kuwa na kalamu. Zege ni shahidi anayenyamaza. Likishafunika nondo hakuna anayeona kama ringi zilifungwa kila sentimita 20 au kila 35, kama biskuti za kuinua nondo ziliwekwa au nondo zimelala juu ya mbao. Ndiyo maana ukaguzi huombwa kwa maandishi kabla ya kufunika. FIDIC inamtaka mkandarasi atoe taarifa kazi inapokuwa tayari na kabla haijafunikwa. Asipofanya hivyo, mhandisi anaweza kumtaka aifukue na kuirudishia kwa gharama yake. Kwenye saiti ya kawaida inatosha kuweka sheria moja isiyo na mkato: lori la zege haliagizwi, na mikseta haiwashwi, mpaka fomu ya ukaguzi iwe na sahihi. Siku ya zege ndiyo siku ya shinikizo kubwa kuliko zote, vibarua wamekuja alfajiri na wanalipwa kutwa, mawingu yanajikusanya, mwenye mali anapiga simu. Msimamizi asiye na karatasi iliyokubaliwa mapema hushindwa siku hiyo.

Wakati wa kumwaga, vipimo viwili vinatosha kumpa mtu usingizi. Cha kwanza ni slampu: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 hujazwa zege kwa tabaka tatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25, kisha koni inanyanyuliwa na kuporomoka kwa zege kunapimwa. Zege lililoongezwa maji ili lisukumike kirahisi hujisema hapo hapo. Cha pili ni kyubu, mchemraba wa milimita 150 kila upande, unaotunzwa ndani ya maji na kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Kwa saruji ya kawaida, kyubu ya siku 7 huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Kwa hiyo zege lililotakiwa kufika newtoni 25 kwa milimita ya mraba likitoa 10 siku ya saba, msimamizi asisubiri wiki tatu nyingine akitarajia muujiza. Asimamishe kupanda juu ya sehemu hiyo, amwite mhandisi, na atafute chanzo wakati bado ghorofa ni moja.

Kasoro ikitokea, iandikwe siku hiyohiyo. Hati ya kasoro ina undugu na ombi la ufafanuzi: namba, mahali kamili, picha, kinachotakiwa kwa mujibu wa mchoro au kiwango, kilichopatikana, na kazi inayozuiwa hadi itakapofungwa. Chukua nguzo iliyovuliwa mbao na kukutwa na matundu kama sega la nyuki kwenye mguu wake. Desturi mbaya ni fundi kuja jioni na karai la saruji na mchanga, akaziba, akalainisha kwa mwiko, na asubuhi nguzo inang'aa. Nguzo hiyo haijatibiwa, imevishwa. Yatakiwa matundu yaachwe wazi, yagongwe mpaka zege zima lifikiwe, mhandisi aone kina chake na kama nondo zimefikiwa, aandike njia ya kurekebisha, na mtu mwingine mbali na aliyerekebisha athibitishe kwamba imefanyika hivyo.

Hapo kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuitibu nguzo. Ya pili ni kujua kwa nini. Msimamizi aliye na daftari la kasoro ataona kwamba nguzo tatu zenye matundu zote zilimwagwa siku moja, na siku hiyo vaibreta ilikuwa imeharibika. Au zote ni za upande ambao zege lilidondoshwa kutoka juu sana. Asiye na daftari ataziba nguzo moja baada ya nyingine hadi paa.

Mtu akiuliza kama kuna heri yoyote katika kukiri kosa, jengo la Citicorp la New York linajibu. Ni mnara wa ghorofa 59 uliofunguliwa mwaka 1977, na nguzo zake kuu zimesimama katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Mwaka uliofuata, mhandisi wake William LeMessurier alijua kwamba viungo alivyovikusudia vichomelewe vilikuwa vimefungwa kwa bolti. Waliojenga vyuma walipendekeza bolti kwa kuwa ni nafuu, ofisi yake ikakubali, na yeye hakuambiwa. Alipokokotoa upya kwa upepo unaopiga kwenye pembe, aliona hatari. Aliwaendea wenye jengo akawaeleza. Mafundi walichomelea mabamba ya chuma kwenye viungo zaidi ya 200, usiku baada ya watu kutoka kazini, na kazi ikaisha mwaka huohuo wa 1978. Umma ulifichwa hadi 1995, na hilo ni doa. Lakini swali lilifungwa kwa chuma, na mnara umesimama.

Nairobi ina mfano wa upande wa pili. Ghorofa lililoanguka Huruma usiku wa Aprili 29, 2016 lilikuwa limekwisha kutambuliwa na mamlaka kuwa hatari na kupangiwa kubomolewa. Kasoro iliandikwa. Haikufungwa. Watu walikuwa bado wanalala ndani. Dar es Salaam, Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10 na ujenzi ulikuwa umefika 16. Ghorofa sita ni miezi mingi ya nondo na zege, na kila slabu ya ziada ilikuwa nafasi ya mtu kuuliza na kusimamisha kazi.

Kwa hiyo daftari la kasoro lisomwe kutoka mwisho wake: ngapi ziko wazi, na ipi ya zamani zaidi inahusu nguzo, boriti au msingi. Rangi iliyochubuka na bawaba inayolia ziwe na orodha yake, zisubiri makabidhiano na kipindi cha matazamio, fedha ya zuio ikiwa bado mkononi mwa mwenye mradi. Zisichanganywe na kasoro za muundo, kwa sababu orodha ya vitu 200 huficha viwili vinavyoua.

Kuhusu vyombo vya kazi, programu za kompyuta zipo na ni nzuri kwa miradi mikubwa yenye washauri waliotawanyika. Kundi la WhatsApp ni jepesi na kila mtu analo, lakini picha ya ufa huzama chini ya salamu za asubuhi na matangazo ya misiba, na aliyebadilisha simu ameondoka na kumbukumbu. Litumike kupeleka taarifa haraka, kisha swali na jibu viingie daftarini kwa namba. Kaunta buku la shilingi elfu chache, lenye kurasa zilizohesabiwa na lisilochanwa, linashinda programu ambayo hakuna anayeifungua.

Hili linawahusu zaidi wajenzi wadogo. Kamati ya shule inayojenga madarasa kwa utaratibu wa force akaunti nchini Tanzania humwona mhandisi wa halmashauri mara chache, na mwalimu mkuu ndiye anayebaki na fundi kila siku. Mwalimu huyo hahitaji kujua kukokotoa boriti. Anahitaji kutokubali linta imwagwe wakati kuna swali wazi, kupiga picha nondo kabla hazijafunikwa, na kumwomba mhandisi aandike jibu lake, hata kwa ujumbe mfupi wa simu utakaonakiliwa daftarini.

Na wewe uliye na saiti inayoendelea wiki hii, nenda kesho asubuhi kabla mikseta haijawashwa. Mwombe foromani akuonyeshe daftari la maswali na la kasoro. Tafuta lile lililo wazi linalogusa kazi ya siku hiyo, na ukilipata, wape vibarua kazi nyingine ya kutwa, zege lingoje.